Kesi Yako Iko Kapu Gani?

Ukiingia kituo cha polisi kulalamika kwamba fundi amekula pesa zako za kabati na sasa hapokei simu, kuna jibu ambalo huenda ukapewa hata kabla jina lako halijaandikwa kwenye OB: "Hiyo si yetu. Hiyo ni kesi ya madai, nenda kortini." Utashangaa. Pesa zimeenda, mtu amezima simu, na wewe unaita hiyo wizi. Lakini afisa ameshakupangia kesi. Fundi aliyechukua pesa akijua tangu mwanzo kwamba anakutapeli yuko upande wa jinai. Fundi aliyechukua pesa kwa nia njema, kisha kazi ikamshinda, yuko upande wa madai. Pesa ni zile zile, na kabati halipo kwa vyovyote vile. Kinachobadilika ni kapu.

Na kapu likibadilika, karibu kila kitu kinabadilika nalo. Kwenye jinai, serikali ndiyo inayoshtaki na wewe ni shahidi tu. Ushahidi lazima uondoe shaka yoyote ya maana, na mwisho wa safari ni faini ama jela. Kwenye madai, wewe ndiye unayemburuta mwenzako kortini, kwa nauli yako na ada zako. Hakimu anapima maneno ya nani yana uzito zaidi, na mwisho wa safari ni kulipwa ama kutolipwa. Hakuna anayefungwa kwa sababu kabati lako lilichelewa.

Mimi si wakili. Mimi ni mpenzi wa historia, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma hukumu za zamani za mahakama za Kenya vile watu wengine wanavyosoma riwaya. Zina wahusika, zina usaliti, na nyingine zina ucheshi ambao jaji hakuukusudia. Kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja. Vitabu hutueleza migawanyo ya sheria kana kwamba ni rafu za duka la dawa: hapa jinai, pale madai, hapa sheria ya umma inayohusu raia na serikali, pale sheria ya watu binafsi kwa wao, hapa sheria ya nchi, pale ya kimataifa, huku ya kimila, kule ya kidini. Warumi walikuwa wakipanga hivyo zamani sana. Mwanasheria wao Ulpian alitofautisha sheria ya umma na ya binafsi, na maneno yake yakaingizwa katika mkusanyo wa sheria ambao Mfalme Justinian aliutoa mwaka 533. Yote sawa. Lakini katika historia yetu, rafu hizo hazikujipanga zenyewe. Mtu fulani alisimama mlangoni akaamua kesi yako inaingia wapi, na mara nyingi uamuzi huo ndio uliokuwa hukumu. Ushahidi ulikuja baadaye, kama ulikuja.

Tuanze na tarehe: 12 Agosti 1897. Sijui kama kuna Mkenya anayeiadhimisha, lakini imo ndani ya sheria zetu mpaka leo. Kwa amri ya Mfalme wa Uingereza (wakati huo ni malkia, Victoria), mahakama za himaya hii zilitakiwa kufuata, pamoja na mambo mengine, sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa siku hiyo: ile inayotokana na maamuzi ya majaji wao, kanuni zao za haki, na baadhi ya sheria za bunge lao. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967, ambayo tuliitunga wenyewe baada ya uhuru, bado inaitaja tarehe hiyo. Juu yake zikaongezwa sheria zilizotungwa kwa ajili ya India. Kanuni ya adhabu iliyotumika hapa mpaka 1930 ilikuwa ya India. Sheria ya mikataba ya biashara ilikuwa ya India mpaka mwanzo wa miaka ya 1960. Yaani babu yako angeweza kushtakiwa Nyeri kwa sheria iliyoandikiwa Bombay, mbele ya jaji aliyesomea London.

Na desturi za watu waliokuwa hapa? Hizo ziliruhusiwa, lakini kwa masharti. Mila zingefuatwa katika kesi za madai zinazowahusu wenyeji, ilimradi zisikiuke haki na maadili na zisigongane na sheria iliyoandikwa. Haki na maadili ya nani? Ya jaji, bila shaka. Sheria ya Uingereza haikuwekewa mtihani wa namna hiyo. Iliingia bila kupekuliwa, na mila ikasimamishwa getini.

Hivyo ndivyo makapu yalivyosukwa. Sasa tuone waliotiwa ndani.

Mwaka 1904 Wamasai walitia sahihi mkataba na serikali ya Kiingereza. Walitoka Bonde la Ufa, maeneo ya Naivasha na Nakuru ambayo walowezi waliyatamani, wakaahidiwa sehemu mbili: Laikipia kaskazini, na eneo jingine kusini. Ahadi ilikuwa kwamba maeneo hayo yangekuwa yao maadamu Wamasai wapo duniani. Miaka saba baadaye ukaja mkataba wa pili, wa 1911, uliowataka waondoke Laikipia pia. Baadhi yao walikataa. Wakafanya jambo ambalo serikali haikulitarajia: walitafuta wakili na kwenda kortini. Kesi yao inajulikana kwa jina la Ole Njogo, na iliamuliwa mwaka 1913.

Hoja yao ilieleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kuuza ng'ombe. Tulikubaliana, mkavunja makubaliano, tulipeni na turudishieni ardhi. Mkataba wa pili haukutufunga sisi, kwa sababu waliotia sahihi hawakuwa na mamlaka ya kutusemea. Wewe na mimi tungesema hiyo ni kesi ya madai: mkataba, kuvunja mkataba, fidia.

Mahakama haikufika huko. Iliuliza kwanza: makubaliano haya ni ya aina gani? Ikajibu kwamba nchi hii ni himaya tu, si milki ya Mfalme, kwa hiyo ni nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake. Wamasai si raia wa Uingereza. Kwa hiyo walipotia sahihi, walifanya hivyo kama taifa huru likikubaliana na taifa jingine. Na makubaliano kati ya mataifa si mkataba wa kawaida, ni sheria ya kimataifa. Mahakama ya nchi haina uwezo wa kuyagusa. Walipokata rufaa, wakaambiwa hivyo hivyo.

Hebu usome tena taratibu. Wamasai waliambiwa kwamba wao ni taifa huru, na kwa sababu wao ni taifa huru, hawana haki. Heshima waliyopewa ndiyo iliyowafungia mlango. Na wangeenda wapi? Hakukuwa na mahakama ya kimataifa iliyokuwa tayari kumsikiliza mzee kutoka Laikipia. Kapu waliloingizwa halikuwa na kitako. Watu na mifugo wakahamishwa, Laikipia ikabaki kwa walowezi.

Ungefikiri basi kwamba Mwafrika ni mgeni mbele ya Mfalme, na tumemaliza. Ngoja kwanza. Mwaka 1920 himaya iligeuzwa kuwa koloni, na muda si mrefu Wakikuyu wawili wakamshtaki mwenzao wakigombea kipande cha ardhi. Jina linalokumbukwa ni la Isaka Wainaina, aliyekuwa upande wa walioshtaki. Ilikuwa kesi ndogo, ya jirani na jirani. Lakini Jaji Mkuu Barth aliitumia kutamka jambo kubwa: kwa sheria ya ardhi ya 1915 pamoja na nchi kufanywa koloni, haki zote za wenyeji juu ya ardhi zimekwisha. Ardhi ni ya Mfalme. Wenyeji ni wapangaji wake tu, anaoweza kuwaondoa wakati wowote apendapo.

Kwa hiyo mwaka 1913 Mwafrika alikuwa taifa la kigeni, na miaka michache baadaye akawa mpangaji. Hakuna kitu kilichobadilika shambani. Mihogo ni ile ile na mipaka ni ile ile. Kilichobadilika ni jina la kapu, na katika makapu yote mawili ardhi iliishia mikononi mwa yule yule. Nikisikia mtu akisema kwamba kugawa sheria ni kazi ya vitabu tu, huwa namtajia kesi hizi mbili, moja baada ya nyingine, kisha nanyamaza.

Kati ya hizo mbili kuna nyingine, ya mwaka 1917, iliyoingia mpaka kitandani. Mtu mmoja aitwaye Amkeyo alishtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi. Shahidi mkubwa dhidi yake alikuwa mwanamke aliyemwoa kwa mila. Sheria ya ushahidi, ile iliyotoka India, ililinda mazungumzo ya mume na mke: waliyoambiana ndani ya ndoa hayawezi kuanikwa kortini. Amkeyo akasema, huyu ni mke wangu. Swali likawa: ni mke?

Jaji Mkuu Hamilton alijibu kwamba hapana. Kwa maoni yake, ule uliokuwa ukiitwa ndoa ya kienyeji haukuwa ndoa. Ulikuwa ununuzi wa mke. Hivyo basi akina mama na nyanya zetu, walioozwa kwa ng'ombe, pombe na baraka za wazee, kwa kalamu ya mtu mmoja walitolewa kwenye kapu la familia wakatiwa kwenye kapu la bidhaa. Na angalia utamu wa ujanja huo. Mila ya mahari ilipohitaji kuheshimiwa, iliambiwa si ndoa. Lakini mkoloni alipotaka kuwatawala wenyeji kwa gharama ndogo, mila hiyo hiyo ilikuwa "sheria yao", waachiwe machifu na mabaraza yao wahangaike nayo.

Ule mpaka wa fundi na kabati, baina ya jinai na madai, nao ulikuwa na rangi. Mwaka 1906 ilipitishwa sheria ya mabwana na watumishi. Kwa kawaida, mfanyakazi akiacha kazi kabla ya mkataba kwisha, hilo ni jambo la madai. Mwajiri akiona amepata hasara, ashtaki adai fidia. Sheria ile iligeuza kuacha kazi kuwa kosa la jinai: faini ama kifungo. Kijana aliyechoka kupigwa na kunyimwa posho kwenye shamba la kahawa, akatoroka kurudi kwao, hakuwa amevunja mkataba tu. Alikuwa mhalifu. Kisha ukaja mpango wa kipande, uliopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na karatasi yake ndani ya kijumba cha bati, yenye alama za vidole na majina ya waajiri. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwezesha serikali kumsaka aliyetoroka. Polisi, magereza na kodi za umma zote ziliwekwa kumsaidia mwenye shamba mmoja kutatua ugomvi wake binafsi na kibarua wake. Huo ndio uwezo wa kuhamisha kitu kutoka kapu la madai kwenda la jinai: unapewa dola nzima iwe wakili wako.

Nisije nikakufanya uamini kwamba kila kapu ni mtego. Pwani kuna kapu ambalo watu walilipigania.

Ukanda wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Kwa makubaliano ya mwaka 1895, Waingereza waliusimamia kwa niaba yake, na mahakama za Kadhi zikaendelea. Uhuru ulipokaribia, swali likaja: ukanda huu ukiunganishwa na Kenya, Waislamu wa Mombasa, Lamu na Malindi watabaki na nini? Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, kwa niaba ya Kenya, na Muhammad Shamte, kwa niaba ya Zanzibar, walikubaliana kwamba Kadhi atabaki. Ahadi hiyo ikaingia kwenye katiba ya uhuru, na ilipoandikwa katiba ya 2010 ikatetewa tena huku kukiwa na kelele nyingi. Kifungu cha 170 kinaeleza mipaka yake: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Kadhi hahukumu mwizi wala hamkati mtu mkono, ingawa wakati wa kura ya maoni ungesikia mengine. Hapa kapu lilikuwa kinga, na lina mlango unaofunguka kwa ndani: usipokubali, huingii.

Hiyo, naona, ndiyo tofauti kubwa. Kuna kapu unaloingia kwa miguu yako, na kuna kapu unalotupiwa ndani. Hakuna aliyeionyesha tofauti hiyo wazi zaidi ya Wambui Otieno.

Mumewe, wakili Silvanus Melea Otieno, ambaye nchi nzima ilimjua kama S.M., alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Wambui alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mila ya Waluo. Wakaenda kortini, na kwa miezi mitano Kenya haikuzungumza jambo jingine. Watu walinunua magazeti asubuhi kama mkate. Wakili wa Wambui, John Khaminwa, alieleza kwamba S.M. alikuwa mtu wa mjini na wakili. Alifunga ndoa chini ya sheria iliyoandikwa, na akaishi maisha aliyoyachagua. Kwa hiyo sheria inayomhusu ni ile ya jumla ya nchi, na mjane wake ndiye wa kwanza kusema azikwe wapi. Wakili wa ukoo, Richard Kwach, alisema Mluo ni Mluo.

Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na ukoo mnamo Mei 1987. Msimamo wake ulikuwa kwamba Mwafrika raia wa Kenya hana namna ya kujivua uhusiano wake na kabila la baba yake kwa sababu ya usomi au mtindo wa maisha. S.M. alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, siku 154 baada ya kufa. Wambui hakuhudhuria.

Watu hubishana hadi leo nani alikuwa na haki, na najua familia ambazo mkiileta mada hiyo mezani chakula kitapoa. Mimi nataka uone kapu tu. Amkeyo aliambiwa mila yake haitoshi kumfanya mume. Miaka 70 baadaye, S.M. akaambiwa mila yake haivuliki hata akitaka. Wa kwanza aliililia mila akafukuzwa, wa pili aliikimbia akafuatwa mpaka kaburini. Katika kesi zote mbili, aliyepungukiwa zaidi alikuwa mwanamke: mmoja aliambiwa si mke, mwingine aliambiwa uke wake haumpi neno juu ya mwili wa mumewe.

Na katiba ya wakati huo ilikuwa imeliandalia nafasi jambo hilo. Kifungu cha 82 kilikataza ubaguzi, halafu kikaorodhesha mambo ambayo katazo hilo halikuyahusu: kuasili mtoto, ndoa, talaka, mazishi, urithi, na mambo mengine ya sheria ya mtu binafsi. Yaani ubaguzi ni marufuku, isipokuwa nyumbani. Hata neno jinsia halikuwamo kwenye orodha ya misingi ya ubaguzi mpaka 1997. Neno "binafsi" lilionekana dogo na la upole, lakini ndani yake kilifungiwa karibu kila kitu kinachoamua maisha ya mwanamke: ataolewa vipi, ataachwa vipi, atarithi nini, atazika wapi.

Kinyume chake, yaani "umma", nalo lina hadithi yake. Mwaka 1989 chama tawala kilipanga kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park kupitia kampuni iliyohusiana na gazeti lake. Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuizuia kampuni hiyo. Jaji Dugdale aliitupa kesi. Bustani ni mali ya umma, na anayeweza kuusemea umma ni Mwanasheria Mkuu. Wangari yeye binafsi ameumia wapi? Mwanasheria Mkuu, ukumbuke, alikuwa wa serikali ile ile. Kwa hiyo kilicho cha kila mtu kilikuwa si cha yeyote wa kukitetea. Jumba halikujengwa mwishowe, kwa sababu kelele za Wangari na wenzake zilisikika nje ya nchi na wafadhili wakajitoa. Korti haikuwa na mchango wowote. Ukipita Uhuru Park leo ukaona watu wamelala kwenye nyasi mchana kweupe, ujue nyasi hizo zimeponea nje ya sheria.

Nikisoma katiba ya 2010 baada ya kesi hizi, naiona kama kitabu kilichoandikwa na watu waliozikumbuka. Kifungu cha 2 kinasema sheria yoyote, hata ya kimila, ikipingana na katiba ni batili. Kile kichaka cha "binafsi" kimefyekwa, ingawa Kadhi ameachiwa nafasi maalum. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda kortini kwa ajili ya wengine au kwa maslahi ya umma, na kifungu cha 70, kuhusu mazingira, kinasema huhitaji hata kuonyesha kwamba kuna mtu ameumia. Hilo ni jibu la Wangari, limechelewa miaka 21. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kisha inatamka kwamba zote zikisajiliwa zina hadhi moja. Hilo ni jibu la mwanamke wa Amkeyo, ambaye hukumu yake inafundishwa vyuoni bila wengi kuuliza jina lake.

Na mpaka wa jinai na madai? Huo bado unasukumwa huku na huku, na hapa ndipo inapokuhusu wewe mwenye simu mkononi. Kanuni ya Adhabu ilikuwa na kifungu cha 194 kilichofanya kumchafulia mtu jina kuwa jinai. Februari 2017 Mahakama Kuu ilikifuta: kama nimekuchafulia jina, nishtaki kwa madai, udai fidia, lakini usiitumie dola kunitia ndani kwa maneno. Watu wa mitandaoni wakashangilia. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao. Kifungu chake cha 23 kilifanya kuchapisha habari za uongo zinazoweza kumharibia mtu sifa kuwa jinai, na adhabu yake iliweza kufika miaka 10 jela ama faini ya shilingi milioni 5. Kile kilichotolewa kwa mlango wa mbele kikarudi kwa dirisha kikiwa kimebadilisha shati. Ni mbinu ile ile ya 1906: ugomvi wa mtu na mtu unahamishiwa kapu lenye pingu, na mwenye nguvu anapata polisi wa bure.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijauliza kama sheria fulani ni nzuri ama mbaya, nauliza maswali matatu. Nani ameipanga hapa ilipo? Ingekuwa kapu jingine, nani angefaidika? Na je, aliyemo ndani anaweza kutoka? Huhitaji shahada ya sheria kuyauliza. Wazee wa Ole Njogo waliyauliza bila kusoma kitabu hata kimoja cha Kirumi.

Na wao hawajamaliza. Katiba ya sasa inagawa ardhi yote ya Kenya katika makapu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Hilo la katikati ni kubwa kuliko inavyosikika. Linamaanisha kwamba jamii ya wafugaji inayomiliki malisho kwa pamoja si taifa la kigeni wala si mpangaji wa mtu. Ni mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ikapitishwa 2016 kueleza namna ya kuisajili. Lakini ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inabaki mikononi mwa serikali ya kaunti, ikiishikilia kwa niaba ya jamii hiyo. Kwa hiyo safari hii jina la kapu ni sawasawa, na limeandikwa na wenye nchi. Kilichobaki ni makaratasi, mikutano, mipaka na ramani, na mtu wa kufuatilia ofisini faili lisipotee. Kama nyumbani kwenu kuna malisho ya pamoja, uliza wiki hii kama yameshasajiliwa.